Mafunzo ya Matabibu katika Njia ya Unyanyembe

Njia kuu iliyotoka Bagamoyo, ikapanda milima ya Usagara, ikakata nyika ya Ugogo na kuingia Unyanyembe, kisha ikaendelea hata Ujiji penye ziwa, imeandikwa sana kwa sababu ya pembe na watumwa. Wasafiri wa Kizungu waliihesabu kwa siku. Burton na Speke walioondoka pwani mwishoni mwa Juni 1857 walifika Kaze, mahali paitwapo leo Tabora, tarehe 7 Novemba, baada ya siku 134. Wenyeji waliihesabu kwa vituo na visima, na kwa hongo waliyotoza watemi. Mzigo mmoja uliopita katika njia hiyo haukuandikwa sana, nao ni sanduku la dawa. Na jambo lililokwenda pamoja na sanduku hilo limeandikwa haba zaidi, yaani elimu ya mtu aliyejua kulifungua.

Habari za elimu hiyo zastahili kutazamwa katika siku hizi, kwa kuwa vyuo vikuu vya Afrika Mashariki vimelikabili swali ambalo halikuwa na darasa zamani: nani afundishwe, na afundishwe wapi, kumtambua na kumtunza mtoto ambaye ubongo wake haukukua kama wa wenzake? Mtoto huyo ni yule asiyesema wakati wa kusema ulipofika, au asiyetulia, au aangukaye kifafa, au aliyejitenga na watu ijapokuwa yu kati yao. Elimu ya kumhudumia haitoshi kupewa mara moja katika shahada ya kwanza. Yataka mganga, muuguzi na mwalimu warudi darasani wakiwa wamekwisha kuona kazi. Swali la kurudi darasani si geni katika nchi za magharibi ya Tanzania. Liliulizwa huko zamani bila ya kutamkwa, na lilikosa jibu kwa muda wa maisha ya mtu mzima.

Unyamwezi haukungoja meli za Ulaya ndipo upate waganga. Mfumu wa Kinyamwezi alikuwa mtu aliyefundishwa, aghalabu na baba yake au mjomba wake, au na mganga mwingine aliyempa ujira. Zaidi ya waganga wa peke yao palikuwa na vyama. Chama cha Bayeye kilikuwa cha watu wa nyoka: walijua kuwakamata, kuwachezesha na kutengeneza dawa za sumu yao, na mtu hakufunuliwa mambo hayo mpaka ameingizwa chamani na kuapishwa. Chama cha Baswezi kilishughulika na mizimu, nacho kilikuwa na desturi iliyo ya ajabu kwa mtu aliyezoea shule za leo. Wengi walioingia humo waliingia kwa ugonjwa. Mtu aliyeugua maradhi yasiyoelezeka aliambiwa kwamba mizimu yamtaka. Akaingizwa, na kwa kule kuingizwa akawa mwanafunzi, na siku zake zilipotimia akawa miongoni mwa waliowaingiza wengine. Mgonjwa na mwanafunzi walikuwa mtu mmoja. Hapana haja ya kusadiki habari za mizimu ili kuona kwamba mafunzo ya namna hiyo yalimjua mgonjwa kwa karibu kuliko mafunzo yoyote yaliyokuja baadaye kwa njia ya Bagamoyo. Upungufu wake ulikuwa katika siri. Ujuzi uliofungwa kwa kiapo haukuweza kulinganishwa na ujuzi wa jirani, na kosa la mwalimu lilirithiwa pamoja na hekima yake.

Misafara nayo ilikuwa na waganga wake, walioagua siku njema ya kuondoka na kuwafanyia wapagazi kinga. Wageni waliwacheka. Lakini tabibu wa Kizungu katika njia ile hakuwa na mengi ya kujivunia. Livingstone, aliyekuwa na cheti cha uganga kutoka Glasgow tangu 1840, aliibiwa sanduku lake la dawa mnamo Januari 1867 na wapagazi waliomtoroka, na tangu siku hiyo elimu yake haikumfaa sana yeye mwenyewe. Miaka mitano baadaye alikuwa akikaa Kwihara, karibu na Tabora, mwili umekwisha kudhoofika, akingoja wapagazi wa kumpeleka katika safari ambayo hakurudi. Huko Urambo, mtemi Mirambo alimpokea mwaka 1879 Daktari Southon wa London Missionary Society, tabibu hodari, aliyemfanyia mtemi mwenyewe upasuaji wa kuondoa uvimbe mkononi. Mwaka 1882 Southon alipigwa risasi ya mkono kwa bahati mbaya. Waliomkata mkono huo walikuwa Wajerumani waliopita katika safari zao, yeye mwenyewe akiwaelekeza. Akafa mwezi wa Julai. Tabibu wa Urambo alipoumia hapakuwa na tabibu wa kumtibu. Uganga wake ulifika pamoja naye na ukaondoka pamoja naye, na misheni iliyobaki ilikabidhiwa Wamoravian mwaka 1898.

Kardinali Lavigerie, mwanzilishi wa shirika la Mapadri Weupe, aliona hatari hiyo mapema. Msafara wa kwanza wa shirika lake uliondoka Bagamoyo Juni 1878 ukiwa na wamisionari kumi, na mmoja wao, Padri Pascal, alifariki kabla ya kufika Tabora. Wengine wakagawanyika, hawa wakaenda Ujiji na hawa Uganda, na kila barua iliyorudi Algiers ilikuwa na habari za homa. Lavigerie alikata shauri kwamba Afrika itatibiwa na Waafrika. Mwaka 1881 alifungua katika kisiwa cha Malta nyumba ya vijana wa Kiafrika waliokombolewa utumwani, wasome katika Chuo Kikuu cha kisiwa hicho, kisha warudi bara wakiwa na cheo alichokibuni yeye: tabibu-katekista. Malta ilichaguliwa kwa sababu hali yake ya hewa haikuwa kali kama ya Ulaya ya kaskazini, na lugha ya wenyeji wake ni jamaa ya Kiarabu. Aliagiza pia kwamba vijana hao wasizoezwe maisha ya Kizungu, wasije wakarudi Afrika wakaona chakula cha watu wao hakilika. Shauri hili lina pande mbili. Lilikuwa na busara, kwa maana mtaalamu asiyeweza kuishi penye wagonjwa hana faida kwao. Lakini lilikuwa pia njia ya kupata tabibu kwa gharama ndogo, na Kardinali hakulificha jambo hilo.

Mmoja wa vijana hao aliitwa Adrien Atiman. Alizaliwa yapata 1866 katika nchi ya mto Niger, karibu na Timbuktu. Akiwa mtoto aliibwa na kuvushwa jangwa la Sahara, akakombolewa na Mapadri Weupe katika Algeria, akatiwa shule, na Malta ilipofunguliwa akawa katika waliopelekwa. Alisoma huko hata 1888. Mwaka huo akafunga safari ya Afrika ya Mashariki, wakati ule ule pwani ilipokuwa inawaka moto wa vita vya Bushiri na Wajerumani, na mwanzoni mwa 1889 akawasili Karema, katika ukingo wa mashariki wa Ziwa Tanganyika.

Karema ilikuwa kituo kilichojengwa mwaka 1879 na Wabelgiji wa Shirika la Kimataifa la Afrika, kikapewa Mapadri Weupe mwaka 1885. Leo imo katika mkoa wa Katavi. Atiman alikuwa na miaka ishirini na kitu. Alikuwa mgeni kabisa: si Mfipa, si Mbende, si Mnyamwezi, wala si Mswahili, na kwa kuzaliwa alikuwa mbali na Karema kama Mfaransa alivyo mbali na Moscow. Akaoa mwanamke wa nyumba ya kitemi ya Wabende, aliyebatizwa Agnes, na mtoto wao Joseph akawa padri. Akajifunza miti ya nchi na kuitumia pamoja na dawa zilizoletwa kutoka pwani. Akakaa. Hilo la kukaa ndilo tendo lake kubwa kuliko yote, kwa maana alikaa miaka 67, mpaka alipofariki mwezi wa Aprili 1956, mzee wa miaka tisini hivi. Alikuwapo kabla Wajerumani hawajaitawala nchi kwa nguvu. Alikuwapo Isike wa Unyanyembe alipojilipua ndani ya boma lake mwaka 1893. Aliwaona Wabelgiji wakipita kwenda kuiteka Tabora mwaka 1916. Akawaona Waingereza, na alibakiza miaka mitano tu kuona uhuru.

Habari za maisha yake aliziandika mwenyewe, zikachapishwa mwaka 1946 katika jarida la Tanganyika Notes and Records. Wanaozisoma huvutwa na utumwa na jangwa, na ni haki wavutwe. Msomi wa habari za elimu ana jambo jingine la kutazama, nalo ni hesabu ya miaka. Atiman alimaliza masomo mwaka 1888. Wakati huo kimelea cha malaria kilikuwa kimekwisha kuonekana katika damu, lakini hakuna aliyejua kwamba huchukuliwa na mbu. Ross alilithibitisha jambo hilo mwaka 1897. Picha za eksirei zilianza 1895. Nyumba ya Malta ilifungwa mwaka 1896. Yaani shule iliyomfundisha tabibu wa Karema ilifungwa mwaka mmoja kabla ya dunia kujua namna homa inavyompata mtu, na yeye alikuwa na miaka sitini bado ya kuwatibu watu wenye homa hiyo. Hakuwa na chuo cha kurudia. Aliyemfundisha alimpa elimu ya siku ile na kumwacha nayo, kama mtu apewaye mtumbi bila makasia ya akiba.

Na chuo hakikuja Karema pia. Lavigerie alitaka Waafrika wawatibu Waafrika, na katika Atiman alipata alichokitaka kuliko alivyotumaini. Lakini mpango wake ulikuwa wa kutengeneza watu, haukuwa wa kutengeneza walimu. Kule kukaa kwa tabibu mahali pamoja kulikuwa elimu ya namna ambayo hakuna hospitali kubwa iwezayo kuitoa. Mtaalamu wa mjini humwona mtoto mwenye kifafa mara mbili au tatu, kisha mzazi hukosa nauli na mtoto hutoweka. Tabibu aliyekaa miaka 67 aliweza kumjua mtoto, na baba wa mtoto huyo alipokuwa mtoto, na babu yake pia. Maradhi ya ukuaji wa ubongo hayaonekani vema kwa jicho la siku moja. Hujulikana kwa kumfuata mtoto mwaka hata mwaka, kuona lini alisimama, lini alisema, na nini kilitokea kabla hajaacha kusema. Maarifa ya jinsi hiyo, kama yalikusanyika Karema, hayakupata mwanafunzi wa kuyapokea rasmi.

Lugha yenyewe yaonyesha kwamba watu wa njia ile waliyaona mambo haya na kuyapa majina. Neno taahira, lililotumika zamani kwa mtu ambaye akili yake haikukomaa, lina undugu na kutaahari, yaani kuchelewa. Na kwa kweli maana hiyo ya kuchelewa ni karibu zaidi na mawazo ya wataalamu wa leo kuliko tusi ambalo neno limegeuka kuwa. Zezeta na punguani hayana utetezi huo, na yameachwa kwa haki. Usonji ni neno jipya, nalo limepata nafasi katika shule na hospitali. Lakini neno lenye uzito mkubwa kuliko yote katika habari hii ni degedege.

Degedege ni mtukutiko wa mtoto mwenye homa kali. Watu wengi tangu pwani hadi bara walisema kwamba ni kazi ya dege, kiumbe cha usiku kimpitiacho mtoto, na kwamba dawa yake haiko hospitalini. Wengine waliamini kuwa sindano itamwua mtoto aliye katika hali hiyo. Uchunguzi uliofanywa katika wilaya ya Bagamoyo na kuchapishwa mwaka 1996 ulionyesha kwamba wazazi waliitambua degedege vizuri sana, ila waliitenga na malaria, na wengi walianza kwa mganga wa kienyeji. Hapo saa hupotea, na katika malaria ya ubongo saa chache huamua. Wengi wa watoto wanaopona hurudia hali zao, bali wako wanaobaki na kifafa, au ulemavu wa viungo, au ugumu wa kusema na kujifunza. Utafiti mkubwa wa Kilifi, katika pwani ya Kenya, uliochapishwa mwaka 2006 na kuhusu watoto zaidi ya elfu kumi wa umri wa miaka 6 hadi 9, ulikadiria kwamba watoto 61 katika kila 1000 walikuwa na kasoro ya neva ya kadiri au kali. Mwaka huo huo wataalamu wa Tanzania na Marekani walichapisha habari za watoto 14 wa Tanzania wenye usonji, na katika baadhi yao dalili zilikuwa zimefuata maradhi makali, malaria ikiwa ya kwanza. Watoto 14 ni wachache wala hawathibitishi chanzo, lakini wanatosha kuonyesha kwamba kitabu kilichoandikwa London au Boston, mahali pasipo na malaria, hakiwezi kumtosha daktari wa Tabora. Anahitaji kufundishwa juu ya ubongo na juu ya dege, pamoja.

Serikali za wageni hazikuandaa mafunzo hayo. Wajerumani waliacha nyumba ya wagonjwa wa akili Lutindi, katika Usambara, iliyokuwa kwanza makao ya watoto waliokombolewa utumwani, na Waingereza wakajenga hospitali ya namna hiyo Dodoma katika miaka ya 1920, ijulikanayo leo kwa jina la Mirembe. Katika vijiji, kazi iliachiwa dresa, mtu aliyefundishwa kwa muda mfupi kusafisha vidonda na kugawa kwinini katika zahanati ya serikali ya wenyeji. Dresa alikuwa mtumishi mwema na alifanya mengi kwa mshahara mdogo. Ila mtoto asiyesema hana kidonda cha kufungwa, na kwa hiyo hakuwamo katika masomo yake. Uhuru ulipofika mwaka 1961 nchi nzima ilihesabiwa kuwa na madaktari wazalendo 12.

Shule ya madaktari ilianzishwa Dar es Salaam mwaka 1963, na hapa njia ya misafara inarudi katika habari hii kwa mlango usiotazamiwa. Sewa Haji, tajiri wa Kihindi wa Bagamoyo, alijipatia mali kwa kuwapa wasafiri wapagazi na bidhaa za kubadilisha bara. Sehemu ya mali hiyo aliitoa sadaka, ikajengwa kwayo hospitali Dar es Salaam katika miaka ya 1890, ikaitwa kwa jina lake. Hospitali hiyo ndiyo iliyofuatwa na Hospitali ya Princess Margaret mwaka 1956, mwaka aliofariki Atiman, ikaja kuitwa Muhimbili. Shule ya 1963 ilikua mahali hapo ikawa kitivo, kisha chuo, na tangu 2007 ni Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili, ambako madaktari husomea uzamili wa maradhi ya akili na wa tiba ya watoto. Ujira wa jasho la mpagazi wa Kinyamwezi umo, kwa kiasi fulani, katika msingi wa jengo hilo. Hapana ubaya kumkumbusha mwanafunzi wa Muhimbili jambo hili anapopangiwa kazi Sikonge au Kaliua na kuona ametupwa.

Magharibi lenyewe lilianza kwa upande wa shule za watoto, si wa hospitali. Mwaka 1963, wakati wa Askofu Mkuu Mark Mihayo, Kanisa Katoliki lilifungua Tabora shule ya watoto viziwi, ya kwanza katika Tanganyika. Na katika miaka hiyo hiyo watoto wasioona walipata shule ya Furaha mjini humo humo. Uziwi si ugonjwa wa akili, na walimu wa Tabora walilazimika kulieleza hilo tena na tena kwa wazazi, kwa kuwa mtoto asiyesikia na mtoto asiyefahamu waliwekwa na watu katika fungu moja la mabubu na wajinga. Kuwatenganisha wawili hao ni hatua ya kwanza ya utaalamu huu wote. Daktari asiyepima masikio kabla ya kumwita mtoto mzito wa akili amekosea mlangoni, kabla hajaingia nyumbani. Katika jambo hili mwalimu wa Tabora alijua kitu ambacho waganga wengi wa wakati wake hawakufundishwa.

Kisha vikaja vyuo vya walimu. Katika miaka ya 1970 Chuo cha Ualimu Tabora kilipewa kazi ya kuwafundisha walimu wa watoto wasioona, na katika miaka ya 1980 Chuo cha Mpwapwa kikaanza kuwafundisha walimu wa watoto wenye ulemavu wa akili. Atazamaye ramani ataona kwamba vyote viwili vimesimama juu ya njia ya zamani. Mpwapwa ilikuwa kituo cha maji na chakula kwa misafara kabla ya kuingia Ugogo, na Daktari Baxter wa Church Missionary Society aliwatibu watu huko tangu miaka ya 1870. Kwa muda wa miaka kadha njia ile ikawa na kitu ambacho haikuwa nacho wakati wa Southon wala wa Atiman: mahali pa kumfundisha mtu, karibu na watoto atakaowahudumia, na kumpokea tena ajapo kuuliza. Katika miaka ya 1990 mafunzo hayo yalikusanywa Patandi, mkoani Arusha. Sababu za kukusanya zaeleweka, kwani walimu wa walimu walikuwa wachache na vifaa ni ghali. Lakini mwalimu wa Urambo atakaye kuongeza elimu alisogezewa chuo mbali zaidi, na hesabu ya fedha iliyopatikana kwa kukusanya haikuhesabu walioshindwa kufika.

Upande wa hospitali mambo yamefuata mkondo huo huo. Waganga wa viungo na wale wamfundishao mgonjwa upya kazi za mikono na za maisha ya kila siku wamesomeshwa Moshi, ilipofunguliwa hospitali ya KCMC mwaka 1971. Bugando ya Mwanza, iliyofunguliwa mwaka huo huo, imekuwa hospitali kubwa ya kanda ya ziwa, nayo ina chuo kikuu chake. Mafunzo ya shahada ya kumsaidia mtu kusema, ambayo mtoto mwenye usonji huyahitaji kuliko dawa, yalianza Makerere katika muongo wa kwanza wa karne hii. Yote hayo ni mema, na yote yako nje ya Unyamwezi na Ukonongo. Mpango wa taifa wa afya ya akili wa miaka ya 1980, uliosaidiwa na Shirika la Afya Duniani na Denmark, ulianza katika mikoa ya Morogoro na Kilimanjaro. Fikira yake ilikuwa nzuri: waganga wasaidizi na wauguzi wa vituo vidogo wafundishwe mahali walipo kazini, na mtaalamu awaendee wao badala ya wao kumfuata. Fikira hiyo ilikuwa inafaa magharibi kuliko mahali pengine popote, kwa sababu ya urefu wa njia na uchache wa watu. Ila haikuanzia huko.

Yuko atakayesema kwamba mafunzo ya juu hayawezi kutawanywa, kwa kuwa utaalamu hukua penye wataalamu wengi, maabara na maktaba. Neno hili ni kweli kwa mpasuaji wa ubongo. Si kweli kwa kiasi hicho kwa anayejifunza kumtambua mtoto mwenye usonji au kifafa, kwani chombo chake kikubwa ni macho yake, masikio yake, na lugha ya mama wa mtoto. Maswali yaliyotungwa kwa Kiingereza ili kupima ukuaji wa mtoto huuliza juu ya vidole vya ngazi, vifungo vya koti na vijiko vya mezani. Mtoto wa Usinge hupanda mwembe, hufunga kamba ya mbuzi na kula ugali kwa mkono, na akipimwa kwa maswali hayo ataonekana mpungufu bila upungufu. Watafiti wa Kilifi walilazimika kutunga kipimo chao wenyewe, kwa vitu ambavyo mtoto wa Kigiriama na wa Kiswahili huviona nyumbani. Kazi kama hiyo kwa Kinyamwezi, Kisukuma, Kiha na Kibende haiwezi kufanywa na mtu aliyekaa Dar es Salaam akingoja wagonjwa waletwe.

Mwaka 2010 Tabora ilipata chuo kikuu kishiriki, kilichopewa jina la Askofu Mkuu Mihayo, nacho kikaweka elimu ya watoto wenye mahitaji maalumu katika shahada zake. Shule ya viziwi ya 1963 iko mjini humo. Hospitali ya mkoa, Kitete, iko humo. Mwalimu wa mahitaji maalumu, muuguzi wa Kitete na daktari aliyerudi kutoka Muhimbili na shahada ya uzamili wanaweza sasa kukutana Tabora kwa mwendo wa dakika chache, juu ya mtoto mmoja. Kukutana huko kukifanywa darasa lenye ratiba, mitihani na cheti, kutakuwa ndiyo mafunzo ya kwanza ya namna hiyo kutolewa katika Unyanyembe tangu Baswezi. Mpaka hapo litakapokuwa hivyo, reli iliyofika Tabora mwaka 1912 inaendelea kuwachukua watafutao elimu hiyo kuelekea mashariki.